Moshi na Njia Yake

Wengi wetu tusikiapo neno utamaduni, mawazo yetu hukimbilia mara moja ngoma, nyimbo, mavazi na vyakula vya wazee wetu. Fikra hiyo si mbaya, kwa kuwa mambo hayo ni sehemu ya roho ya taifa. Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge mwezi wa Desemba 1962, akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, ili ngoma na sanaa ambazo wakoloni walizidharau zirudishiwe heshima yake. Hata hivyo, utamaduni haukomi kwenye uwanja wa ngoma. Namna watu wanavyoshika chombo cha kazi, wanavyotengeneza kilichoharibika, wanavyokipa kila kitu jina lake, na wanavyowarithisha vijana ujuzi huo, hayo nayo ni utamaduni. Tena ni utamaduni ule ambao taifa haliwezi kuishi bila ya huo hata siku moja.

Katika insha hii tunakusudia kuitazama kazi moja ambayo haitajwi kamwe kwenye majukwaa ya sherehe, nayo ni kubadilisha bomba la moshi la pikapu ya dizeli huko Malinyi. Msomaji asishangae. Jambo dogo likitazamwa vizuri huonyesha mambo makubwa, kama vile tundu la ufunguo linavyoweza kuonyesha chumba kizima.

Malinyi imo katika bonde la mto Kilombero, mkoani Morogoro. Kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Ulanga, kabla ya kuwa wilaya kamili katika muongo wa 2010. Upande mmoja wa bonde imesimama milima ya Udzungwa, na upande wa pili miinuko ya Mahenge. Katikati ni tambarare pana ambayo masika huigeuza kuwa ziwa, na ambayo mwaka 2002 iliorodheshwa miongoni mwa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Wandamba wameishi humo kwa uvuvi, mitumbwi na mpunga. Wapogoro na Wabena ni wenyeji wa bonde hilo hilo. Na katika miongo ya karibuni wamefika Wasukuma na mifugo yao. Mpunga ndio unaolisha watu wote hao, na mpunga hauendi sokoni kwa miguu yake. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita Ifakara, ng'ambo ya mto. Kabla ya kujengwa kwa daraja kubwa la Kilombero, lililozinduliwa rasmi mwaka 2018, magari ya kutoka Ifakara kwenda Lupiro, Mtimbira na Malinyi yalivushwa kwa kivuko. Daraja lile limeondoa foleni za kivuko, lakini halikuondoa tope.

Na tope ndilo adui wa kwanza wa bomba la moshi. Ardhi ya bondeni ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa masika gari huogelea ndani yake, na tope hukwama juu ya bomba na kulifunika kama plasta, likikaa na unyevu wake siku nyingi. Gari likivuka kijito, chuma chenye moto mkali hupoozwa ghafla. Wakati wa kiangazi mawe huligonga kutoka chini. Zaidi ya hayo, bomba huliwa pia kutoka ndani. Dizeli inapoungua hutoa maji kwa namna ya mvuke, na salfa iliyomo katika mafuta, hata ikiwa kidogo, hugeuka na kuwa tindikali. Gari linaloendeshwa mwendo mfupi na kuzimwa kabla bomba halijapata joto la kutosha huyaacha maji hayo ndani ya sailensa, na kutu huanza kula taratibu. Kwa hiyo bomba la Malinyi huliwa nje na ndani, kama mti uliopatwa na mchwa na moto kwa pamoja.

Tulikuwa huko mwaka mmoja kwa shughuli za shule, mara tu baada ya masika, na usafiri wetu ulikuwa pikapu ya mwananchi mmoja. Ilichukua magunia ya mpunga asubuhi, walimu mchana, na usiku ikilazimu ilichukua wagonjwa. Siku ya tatu tuliisikia ikianza kunguruma kuliko desturi yake. Utingo alisema ni jambo la kawaida. Jioni ile mama mmoja aliyekuwa akipelekwa hospitalini na mtoto wake mchanga alilazwa nyuma, juu ya godoro, na turubai likafungwa pande zote kumkinga na baridi. Hatujafika mbali alipogonga bodi kwa nguvu. Tuliposimama na kufunua turubai, tulimkuta amelegea, akilalamika kwamba kichwa kinamuuma na macho yanaona giza, naye mtoto alikuwa amenyamaza kupita kiasi. Tuliwashusha wakapata hewa safi kando ya njia. Baada ya muda mtoto alilia, na hatujawahi kufurahia kilio kama tulivyofurahia kile. Safari iliyobaki turubai liliachwa wazi, na mama akafunikwa kwa mablanketi yetu.

Sababu ilikuwa dhahiri. Bomba lilikuwa limekatika katikati, chini ya bodi ya nyuma, na moshi uliopaswa kutokea mkiani mwa gari ulikuwa unapanda kupitia nyufa za sakafu na kukusanyika chini ya turubai. Ndani ya moshi wa injini mna gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata mtu akakosa pumzi huku kifua chake kikipanda na kushuka kama kawaida. Injini ya dizeli huitoa kwa uchache kuliko injini ya petroli, lakini mahali palipofungwa uchache huo hutosha kudhuru. Na hata gesi hiyo isipokuwapo, masizi ya dizeli yenyewe si rafiki wa mapafu: mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ufa wa bomba la moshi, hasara yake huenda isiwe ukuta bali kaburi.

Asubuhi iliyofuata pikapu ilipelekwa kwa fundi. Gereji yake ilikuwa kivuli cha mwembe, kibanda cha mabati, shimo lililochimbwa ardhini na kuzungushiwa magogo, na vijana wawili wanafunzi. Mzee yule hakukimbilia spana. Aliagiza injini iwashwe, akainama, akasikiliza. Kisha akamwambia kijana mmoja, "Lete kitambaa, mwanangu, uzibe mdomo wa bomba kidogo, halafu uniambie pumzi inatokea wapi." Kijana akafanya hivyo kwa nukta chache, na sauti ya kufoka ikasikika mahali patatu: kwenye kiungo cha karibu na injini, katikati palipokatika, na tumboni mwa sailensa. Mzee akaamuru injini izimwe, akatugeukia. "Walimu," akasema, "ningeweza kuwafungia bati na waya mkaondoka saa hii. Lakini mtarudi, au hamtarudi. Hili linabadilishwa lote."

Kazi ya kulitoa bomba la zamani ilichukua siku nzima. Gari lilisubiriwa mpaka likapoa kabisa, maana karibu na injini joto la bomba hufika mamia ya nyuzi. Nati zilikuwa zimeshikana na bolti kwa kutu hata zikawa kitu kimoja. Zilipakwa mafuta mepesi na kuachwa zinywe. Zile zilizokataa zilipashwa moto zikatanuka na kulegea. Mbili zilizozidi ukaidi zilikatwa kwa msumeno wa chuma. Kijana mwenye haraka alitaka kuivunja moja kwa nyundo. Mzee alimshika mkono. Bolti ile ilikuwa imejikita katika mkono wa injini unaokusanya moshi, nayo ikikatikia humo ndani kazi ya saa moja hugeuka kuwa kazi ya wiki. "Chuma kina masikio," alimwambia. "Kibembeleze kwanza."

Vipande vyote vilipangwa chini kwa utaratibu wake, kutoka injini hadi mkiani, kama mifupa ya samaki juu ya sinia. Hapo ndipo tulipoona uhaba ulipo. Bomba zima la kiwandani lingeagizwa Dar es Salaam, kutoka maduka ya Gerezani, kwa bei ambayo mwenye pikapu hakuimudu na kwa siku ambazo wagonjwa hawakuwa nazo. Gasketi mpya ililetwa na basi kutoka Ifakara, kwa kuwa gasketi haigushiwi. Vingine vyote mzee alivitengeneza mwenyewe.

Alichagua bomba la chuma lenye upana ule ule wa lile la zamani. Tulipouliza kwa nini asitumie jembamba lililokuwa karibu, alijibu kwamba injini nayo hupumua. Ukiibana koo hukosa nguvu mlimani na kula mafuta bure. Ili bomba lipite juu ya ekseli ya nyuma ilibidi likunjwe mara mbili, na bomba tupu likikunjwa hubonyea kama bua la mtama. Basi alilijaza mchanga laini wa mtoni, akaushindilia kwa kugonga ubavuni, akaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti. Kabla ya hapo mchanga ule ulikuwa umekaangwa juu ya bati mpaka ukakauka kabisa. Kisha mahali pa kukunja palitiwa katika moto wa mkaa, mmoja wa vijana akizungusha feni ya mkono, hata chuma kikawa chekundu, na mzee akalikunja bomba taratibu kwa kulipima na waya aliokuwa ameukunja mapema chini ya gari. Hakutumia rula wala protrakta. Waya ule ulikuwa kitabu chake cha jiometri.

Alipokuwa akipumzika alituuliza swali ambalo tumelibeba hadi leo. "Niliambiwa na aliyenifundisha kwamba mchanga mbichi hupasua bomba na kuua mtu. Sijawahi kuujaribu, wala sijui kwa nini." Tukamweleza kwamba maji yakigeuka kuwa mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,000, na yakikosa mahali pa kutokea husukuma vigingi au chuma chenyewe kwa nguvu ya bomu. Vijana wake wakasogea kusikiliza. Mzee akacheka kwa upole, akasema, "Kumbe shuleni mlikuwa mkilijua siku zote, ila halikufika huku."

Sailensa ilitengenezwa kwa bati nene lililoviringishwa juu ya gogo. Ndani yake iliwekwa neli yenye matundu mengi, na vizuizi vilivyogawa tumbo lake vyumba vyumba, ili sauti igongane na kuta, ipoteze nguvu na kutoka imechoka. Wakati wa kuchomelea, waya wa betri ulifunguliwa kwanza, na kazi yote ikafanyiwa mbali na tangi la mafuta. Siku ya tatu bomba likapandishwa. Viungo vyote vilifungwa kwa kulegezwa kwanza, kila kipande kikatafuta mahali pake, ndipo nati zikakazwa kuanzia injini kwenda nyuma. Bomba halikuchomelewa kwenye chesisi, bali lilining'inizwa kwa mipira iliyokatwa kutoka gurudumu kuukuu. Sababu yake ni ya kisayansi kabisa: injini hutikisika, na chuma hurefuka kipatapo joto. Bomba la mita 3 likipanda joto kwa nyuzi 300 hurefuka kwa kiasi cha sentimita 1. Likifungwa bila nafasi, litajivunja lenyewe. Mzee hakuijua hesabu hiyo, lakini aliacha nafasi ya kidole kimoja, nacho kidole chake hakikukosea.

Injini ilipowashwa, mngurumo ulikuwa umetulia. Kitambaa kilizibwa tena mkiani, na safari hii hapakuwa na kufoka popote. Usiku ule ule pikapu ilimchukua mgonjwa mwingine.

Sasa tujiulize, ujuzi huu umetoka wapi? Wapo wasemao kwamba gari ni kitu cha kigeni, na kwa hiyo ufundi wake hauhusiani na utamaduni wetu. Ni kweli kwamba injini hii ina jina la Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye ile yake ya kwanza iliyofaulu ilikamilika mwaka 1897. Lakini moto, mkaa, pumzi ya mivukuto na chuma chekundu si vigeni katika nchi hii. Huko Katuruka, karibu na Bukoba, pamechimbuliwa mabaki ya uyeyushaji wa chuma ya miaka ipatayo 2,000. Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo, na Wapare walikuwa na koo za wahunzi waliotukuzwa na kuogopwa. Katika miaka ya 1970 wazee wa Buhaya waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo waliwaonyesha wachunguzi jinsi chuma kilivyoyeyushwa, na mwaka 1978 habari za ustadi wao zikachapishwa kwa wanasayansi wa dunia nzima. Majembe na vyuma rahisi kutoka Ulaya ndivyo vilivyozima matanuri hayo. Yule mzee wa Malinyi, akikoleza mkaa chini ya mwembe wake, amesimama mahali pale pale aliposimama mhunzi wa kale, ingawa kilicho mkononi mwake kimebadilika.

Lugha yake nayo inastahili kusikilizwa. Katika siku tatu zile tulisikia bomba, neno lililotufikia kutoka kwa Wareno. Msumari, lenye asili ya Kiarabu. Usukani, lililoshuka kutoka vyombo vya baharini likapanda garini. Spana, nati, bolti na gasketi, kutoka Kiingereza. Na chini ya hayo yote maneno yetu ya Kibantu: moto, moshi, chuma. Baraza la Kiswahili la Taifa limefanya kazi kubwa tangu mwaka 1967 ya kusanifu istilahi. Hata hivyo, maneno mengi ya ufundi yamekwisha kusanifiwa gerejini kabla hayajafika mezani pa wataalamu. Mwanafunzi atakayekwenda na daftari kuyakusanya atakuwa anaitumikia lugha ya taifa.

Tumefika penye kiini cha maneno yetu. Ufundi huu unaweza kupotea, tena pasipo vita wala mafuriko. Mmoja wa vijana wale wawili alikuwa amemaliza kidato cha nne. Tulipomuuliza anafanya kazi gani, aliinamisha kichwa na kusema, "Nipo tu hapa kwa sasa." Alikuwa amekunja chuma kwa siku tatu, ameokoa gari ambalo lingeua watu, na bado aliona kwamba hana kazi. Nani aliyemfundisha kuona hivyo? Si mzee yule. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwezi wa Machi 1967, ilikusudia kuubomoa ukuta baina ya darasa na kazi za mikono. Ukuta huo haujaanguka wote. Mwanafunzi hukariri kanuni ya kutanuka kwa metali akafaulu mtihani wake, kisha hupita gerejini akaziba pua. Naye fundi hufanya sayansi kila siku pasipo mtu wa kumweleza kwa nini. Mmoja ana jibu bila swali, na mwenzake ana swali bila jibu. Na kati yao hupita pikapu yenye bomba lililotoboka, imebeba mama na mtoto.

Tunasema haya bila kuipamba gereji kupita kiasi. Wapo mafundi wanaofunga bati na waya wakapokea fedha. Wapo wenye magari wanaong'oa sailensa makusudi ili ngurumo yao isikike mtaa mzima. Hao nao ni matunda ya ufundi usioheshimiwa, kwa sababu kazi isiyohesabiwa kuwa kazi haina miiko. Mhunzi wa kale alikuwa na miiko yake, na jamii ilimdai aishike. Fundi wa leo naye adaiwe, lakini kwanza aheshimiwe.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wenzetu wawapeleke wanafunzi wao gerejini, kwa uhunzi na kwa useremala, wala si kwa matembezi bali kwa somo. Fundi na aalikwe darasani aulize maswali yake mbele ya wanafunzi wa fizikia na kemia. Wanafunzi na waandike majina ya vyombo vyake, hatua za kazi yake, na sababu ya kila hatua. Nao wajifunze jambo moja la haraka zaidi: mtu asilazwe nyuma ya pikapu iliyofungwa turubai pande zote, na mngurumo mpya wa gari usiitwe jambo la kawaida. Taifa ambalo watu wake wanaweza kukinunua chombo tu, chombo hicho bado si chao. Kitakuwa chao siku watakapoweza kukifungua, kukielewa, kukitengeneza kwa mikono yao, na kumwonyesha kijana namna ya kuacha ile nafasi ya kidole kimoja.